Kocha wa malezi, mshauri nasaha, kikundi cha wazazi au kliniki: mzazi wa Nairobi aanzie wapi?

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi gari la shule lilipiga honi chini ya nyumba yetu Donholm. Binti yangu wa miaka 10 alikuwa chini ya meza, soksi moja mguuni, nyingine ameifumbata mkononi. Tumbo linamuuma. Jana lilimuuma, na juzi pia. Mke wangu amepiga magoti anambembeleza, mimi nimesimama mlangoni na begi lake, nahesabu dakika. Dereva akaondoka. Baada ya muda mfupi tumbo likatulia na mtoto akaomba chai.

Tulilipima tumbo hilo muhula mzima. Homa ya matumbo, amiba, vidonda vya tumbo. Dawa za amiba alizimeza mara mbili. Hakuna aliyetuuliza analala vipi, wala kwa nini maumivu huanza Jumapili jioni na kwisha Ijumaa. Jamaa zetu walikuwa na jibu lao: amedekezwa. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," nyanya yake aliniambia kwa simu, na maneno hayo yalinichoma kwa sababu niliona yana ukweli, ila sikujua ukweli wenyewe uko wapi.

Namwandikia mzazi aliyefika pale nilipokuwa: ameshatambua kwamba si utundu, ana pesa za kujaribu njia moja au mbili, na kila anayemuuliza anamtajia mtu mwingine. Nimepita njia nne. Tofauti yake kubwa si bei. Ni nani anayeketi mbele ya mtaalamu. Kuna njia ambazo mtoto ndiye anayeketi, na kuna njia ambazo mzazi anaketi na mtoto amebaki nyumbani anacheza. Hapa mjini tumezoea kuona ile ya kwanza ndiyo matibabu, na ya pili ni maongezi tu. Tunampeleka mtoto "akatengenezwe", sisi tunasubiri kwenye benchi tukitazama simu.

Kocha na mshauri

Hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu wote wawili hutumia maneno yaleyale na ofisi zao hufanana.

Kocha wa malezi hamtibu mtoto. Anafanya kazi na wewe: unavyosema, unavyonyamaza, unachofanya saa kumi na mbili asubuhi mtoto akiwa chini ya meza. Anakupa zoezi, unalifanya wiki nzima, unarudi kueleza lilivyokwenda. Mengi hufanyika kwa simu, na kwa mtu anayetoka kazini Industrial Area akakwama Jogoo Road hadi usiku, hilo ni jambo kubwa. Mshauri nasaha au mwanasaikolojia anaweza kukaa na mtoto mwenyewe. Kwa mdogo atatumia michoro na michezo, kwa mkubwa mazungumzo. Anatafuta kilicho ndani.

Tofauti ya pili ni nani anawajibika. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Ukimwambia mshauri, "Naomba kuona usajili wako," hujamtusi. Daktari naye yuko chini ya baraza la madaktari, na jina lake unaweza kulitafuta mtandaoni. Kocha hana sheria yake. Anaweza kuwa mtu mwenye shahada na uzoefu wa miaka mingi, au mtu aliyehudhuria kozi ya wikendi mbili kisha akafungua ukurasa. Cheti chake hakikuambii ni yupi kati ya hao.

Mimi nilianza vibaya. Kocha wa kwanza tulimpata kupitia tangazo, tukalipia vikao vyote kwa mkupuo kwa kuwa kulikuwa na punguzo. Alituambia tukate kila kitu siku moja: mama asilale naye tena, tusijibu maswali yake, akigoma abebwe hadi kwenye gari. Siku ya nne binti yangu alimwambia mama yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, akipaka mkate siagi, kwamba anatamani alale asiamke. Tulimpigia kocha. Akasema anatafuta huruma, tusiyumbe.

Tuliyumba, na ninashukuru. Tuliondoa dawa zote kabatini, mke wangu akalala naye, na asubuhi tukawa hospitalini. Nitalirudia hilo chini, kwa sababu mtoto akitamka neno kama hilo, kulinganisha huku kote kunakoma.

Baada ya hospitali tulielekezwa kwa mwanasaikolojia. Kikao cha tatu binti yangu alichora gari la shule. Alichora viti vyote, akajichora yeye nyuma kabisa, na viti viwili vya mbele yake akavipaka rangi nyeusi. Wasichana wawili wakubwa walikuwa wakimchapa kwa rula kila asubuhi kuanzia kituo cha pili, na walimwambia akisema, mdogo wake ndiye atakayefuata. Miezi yote hiyo sisi tulikuwa tukibishana kuhusu tumbo. Hakuna kocha duniani ambaye angelijua hilo kwa kuzungumza na mimi, kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua. Ndiyo faida ya mtoto kupewa kiti chake.

Suala la gari lilimalizwa shuleni. Lakini hofu haikuisha na rula. Ilikuwa imeshahamia kila mahali: kulala peke yake, chakula cha shule, mvua ikinyesha usiku. Hapo ndipo mwanasaikolojia alipotuambia kwamba sasa anatutaka sisi wazazi, si mtoto.

Alitutuma kwa mwenzake, mshauri aliyesajiliwa ambaye kazi yake ni kuwafunza wazazi. Kwa maneno mengine, kocha, ila mwenye leseni ya ushauri. Wiki ya kwanza hakutubadilisha chochote. Alitupa karatasi tuibandike kwenye friji, tuandike kila tunachofanya kwa sababu ya hofu ya mtoto. Kufikia Jumapili tulikuwa na mistari 19. Mama analala naye. Baba anamwandikia mwalimu kila Jumatatu. Hatupiki samaki. Harusi ya shangazi hatukwenda. Swali la "kesho nitaugua?" linajibiwa mara kumi na mbili kila usiku, mke wangu alikuwa amelihesabu kwa vijiti, kama mtu anayeandika mabao ya mpira. Tulisimama mbele ya ile friji usiku, watoto wamelala, tukatazamana. Nyumba nzima ilikuwa imepangwa kuizunguka hofu ya mtoto mmoja.

Wiki ya pili tulichagua mstari mmoja tu, ule wa swali. Tungelijibu mara moja, kwa maneno haya: "Najua unaogopa, na inaumiza. Na najua utaweza kulala ukiwa na hofu hiyo." Kisha basi. Tulimweleza binti yetu mapema, mchana, kwa upole, kwamba sisi ndio tunaobadilika, yeye hatakiwi kufanya lolote. Usiku wa kwanza alilia dakika arobaini. Niliketi koridoni sakafuni. Usiku wa tano aliuliza mara mbili.

Njia hiyo inatoka kwa Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwaka 2020 walichapisha utafiti wa watoto 124 wa miaka 7 hadi 14 wenye tatizo la wasiwasi. Kundi moja, watoto walipata tiba ya mazungumzo wao wenyewe. Kundi jingine, wazazi pekee walihudhuria vikao 12, mtoto hakukanyaga ofisi. Watoto wa kundi la pili walipata nafuu isiyopungua ya kundi la kwanza. Nilipoelezwa hilo nilikumbuka nyanya yake na methali yake. Alikuwa amepatia nusu. Ni kweli kwamba kuogopa kilio cha mtoto kulitufikisha pabaya. Nusu aliyoiacha, na ambayo kocha wa kwanza aliiacha pia, ni kumwambia mtoto unaona anavyoumia, na kupunguza kidogo kidogo, jambo moja kwa wakati.

Kuhusu pesa, nitataja nilizolipa mimi, usizichukue kuwa bei ya mji. Mwanasaikolojia wa Kilimani alikuwa shilingi 4,500 kikao, na nusu siku ya kazi imepotea. Mshauri wa wazazi, kwa simu, shilingi 2,500. Kuna nafuu ambayo wengi hawaijui: vituo vinavyofundisha washauri huwa na wanafunzi wa mazoezi wanaosimamiwa na walimu wao, na ada zao aghalabu ni za chini. Amani Counselling Centre ya Mbagathi, iliyoanza mwaka 1979, ni miongoni mwa taasisi kongwe za mafunzo hayo hapa Nairobi. Uliza.

Kikundi cha wazazi

Kikundi chetu hukutana Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa Buruburu, viti vya plastiki, chai ya kuchangia shilingi 50. Siku yangu ya kwanza nilikuwa mwanamume peke yangu. Mama mmoja alisema mwanawe wa miaka 13 humrushia sufuria, na jana ilikuwa na uji. Akakunja mkono wa sweta akaonyesha. Hakuna aliyesema "pole" upesi upesi. Mwenzake aliburuta kiti, akaketi ubavuni mwake, akamwambia, "Dada, wangu alianza hivyo. Endelea." Mficha uchi hazai, walisema wazee, na mle ukumbini nililielewa neno hilo kwa mara ya kwanza.

Hicho ndicho ambacho hutakipata kwa mtaalamu yeyote, hata umlipe nini. Mtaalamu anajua, lakini hajawahi kununua sufuria mpya.

Ila tenganisha vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja. Kikundi cha kufarijiana hakina mtaala; unakuja na lako, unasikilizwa. Mafunzo ya malezi yana ratiba, mwezeshaji na mazoezi ya nyumbani. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, pamoja na vyuo vikuu, waliunda mafunzo ya namna hiyo kwa familia zisizo na pesa nyingi, yakajaribiwa Afrika Kusini. Yale ya wazazi wa vijana ni vikao 14, na mwezeshaji si lazima awe daktari. Ukiona tangazo la mafunzo ya malezi kanisani, msikitini au kwa chifu, uliza kama kuna ratiba ya wiki kwa wiki. Kama hakuna, ni faraja, na faraja pia ni msaada, lakini usiitarajie iondoe tatizo la mtoto asiyeenda shule.

Kuna watu hudharau msaada wa asiye mtaalamu. Hapa kwetu kuna ushahidi wa kinyume. Shamiri, shirika la Kenya, hutumia vijana wa miaka 18 hadi 22 waliofunzwa, kuongoza makundi ya wanafunzi wa shule za upili kwa vikao vinne. Utafiti wao uliochapishwa 2021, wenye wanafunzi 413, ulionyesha huzuni na wasiwasi vikipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Hao ni wanafunzi, si wazazi, lakini funzo lenyewe linanihusu: mtu wa kawaida aliyefunzwa vizuri na anayesimamiwa anafaa.

Hatari ya kikundi ni mbili. Ya kwanza, dawa ya mtoto wa mwenzako si ya wako; nimesikia wazazi wakipeana majina ya vidonge, na hilo lisikubaliwe kamwe. Ya pili ni WhatsApp. Kisa cha mtoto kikishaandikwa mle, kimetoka mkononi mwako, na mtoto huyo miaka mitano baadaye atakuwa kidato kimoja na mtoto wa mwanachama. Sisi tulikubaliana: kundi la simu ni la saa na mahali tu. Ya watoto husemwa ukumbini.

Kliniki ya umma

Mathari, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko Thika Road tangu 1910, na jina lake kwa kizazi chetu lilikuwa tusi la uwanjani. Najua wazazi waliozunguka mwaka mzima kwa watu wa maombi na wauza virutubisho ili tu wasionekane wakipita lango lile. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta (KNH) nayo ina idara ya afya ya akili. Foleni ni ndefu, fika mapema, beba maji na kitabu cha kumshughulisha mtoto. Muda wa kuzungumza na daktari huwa mfupi kuliko wa ofisi ya faragha, na wiki ijayo huenda ukamkuta mwingine.

Unachopata ni kitu ambacho kocha na mshauri hawawezi kutoa: daktari anayeweza kutofautisha hofu na kifafa, uchovu na upungufu wa damu, ukaidi na masikio yasiyosikia vizuri, anayeweza kuandika dawa inapohitajika, na kulaza. Kwenda kwa daktari wa akili si kusema mtoto atapewa vidonge. Wetu hakupewa hata kimoja. Kuhusu SHA, bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza kituo chenyewe, kabla ya siku ya miadi, ni huduma gani inalipiwa na ni ipi utalipa mfukoni.

Kliniki iwe kituo chako cha kwanza katika hali hizi: mtoto ametaja kufa au kutoweka, amejikata au kujiumiza, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ameacha kula, halali siku kadhaa mfululizo, au amebadilika ghafla kiasi kwamba humtambui. Hapo usimtafute kocha, usisubiri Jumamosi ya kikundi. Nenda siku hiyohiyo, hospitali yoyote iliyo karibu, na usimwache peke yake njiani. Nambari 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, saa 24, na mzazi anaweza kuipiga, si mtoto pekee. Msalaba Mwekundu wana 1199, bure pia. Ukishuku kuna mtu anamdhulumu mtoto, iwe nyumbani, shuleni au kwa jirani, 116 ndiyo pa kuanzia.

Mwalimu wa ushauri nasaha shuleni sitamweka kwenye mizani pamoja na hawa. Mara nyingi ana vipindi kamili vya somo lake na mamia ya wanafunzi. Mpe taarifa, mwombe akutazamie mtoto saa ya mapumziko, basi. Kasisi au imamu vilevile: awaombee, na kama ni mwenye busara atawaambia mwone na daktari. Akikuambia uache daktari, mwache yeye.

Kwa hali yako

Kama mtoto ana miaka kama 12 au chini ya hapo, hana dalili nilizotaja, na tatizo ni hofu, kugoma, milipuko ya hasira inayoiendesha nyumba nzima, mimi pesa zangu za kwanza ningezipeleka kwa mshauri aliyesajiliwa anayefanya kazi na wazazi. Si kocha mtupu, na si tiba ya mtoto peke yake. Unapata nidhamu ya ukocha na mtu anayejua lini akupe rufaa.

Kama humwelewi kabisa mtoto wako, kwamba amebadilika na huna hata dhana ya sababu, anza na anayekaa na mtoto. Kisa cha rula kilinifunza hivyo. Vivyo hivyo kwa kijana wa miaka 14 au 15: anahitaji chumba ambacho mzazi hayumo, na mtu atakayemweleza mapema ni mambo gani yatabaki siri na yapi lazima yafike kwa mzazi. Ukimpeleka kijana kwa mtu atakayekusimulia kila kitu, amefunga mdomo siku hiyo na hatamfungulia mwingine.

Kama pesa hazipo kabisa, changanya kliniki ya umma na kikundi. Usione kuwa ni njia ya maskini. Mama wa sufuria ndiyo njia aliyoshika, na mwanawe sasa huja naye hadi mlangoni mwa ukumbi, akaenda zake kucheza mpira. Na kama wewe mwenyewe ndiye unayezama, huli, unampiga mtoto halafu unalia bafuni, tafuta msaada wako kwanza. Hilo nililisikia kwa wazazi wengi zaidi ya nilivyotarajia, na baba ndio huchelewa kulisema.

Ukipiga simu ya kwanza kwa kocha au mshauri yeyote, uliza amesajiliwa wapi, amefanya kazi na watoto wa umri gani, na atafanya nini usiku ule mtoto akisema anataka kufa. Akisitasita kwenye hilo la mwisho, mshukuru na ukate. Usilipie vikao vingi kwa mkupuo. Kisha uliza: kikao cha kwanza nije na mtoto, au nije peke yangu? Usikilize kama ana sababu. Yule tuliyebaki naye aliuliza maswali kwanza, kama robo saa hivi, kuhusu gari, kuhusu usiku, kuhusu nani hupika. Halafu akasema, "Baba, njoo na mama yake. Mtoto mwacheni nyumbani acheze."